Vihamba vyetu (mashamba ya familia) vimebaki na wazee tu: haya ya Japani na Korea yanatuhusu?

Mwl_wa_Uru

Wakuu habari za jioni, na wakubwa zangu shikamooni.

Nafundisha shule ya msingi huku Uru, juu ya Moshi mjini, shule ileile niliyosoma mwenyewe. Enzi zetu darasa la kwanza lilikuwa na mikondo miwili na bado tulibanana watatu watatu kwenye dawati. Mwaka huu tumeandikisha mkondo mmoja na madawati ya nyuma yamebaki wazi. Chumba cha pili tumekifanya stoo ya mahindi ya uji na majembe. Mdogo wangu anafundisha Chanika, Dar es Salaam. Akinitumia picha ya darasa lake huioni sakafu kwa wingi wa watoto. Mtaala ni mmoja na wizara ni moja, ila mimi natafuta watoto na yeye anatafuta pa kuwaweka.

Nikitoka shule jioni napita nyumba nzuri kweli kweli. Za vigae, za ghorofa, geti la chuma na ukuta wa mawe. Ndani kuna mlinzi kutoka Singida na mbwa wake. Wenyewe wanakuja Desemba, kuhesabiwa kama tunavyosema wenyewe, na kwa wiki mbili njia haipitiki kwa magari. Mwaka mpya ukishaisha tunabaki na wazee wetu, mlinzi, na watoto wachache walioachwa kwa bibi.

Jirani yangu ni mama wa miaka 80 na kitu. Ana watoto wanane, wote hai, wote wana kazi zao: Dar, Mwanza, Dodoma, mmoja yuko Marekani. Wanamkumbuka, hela za simu zinaingia kila mwezi. Lakini ng'ombe amemuuza, maana hakuna wa kushuka tambarare kumkatia majani. Ng'ombe alipoondoka, samadi ikakosekana. Samadi ilipokosekana, migomba ikaanza kutoa mikungu midogo ya kukatisha tamaa. Kahawa aliiacha zamani. Kihamba kilicholisha watoto wanane sasa hakimlishi mtu mmoja, na ardhi ni ileile.

Na mfereji wetu wa kumwagilia. Mbiu ikipigwa ya kwenda kusafisha, wanaotokea na majembe ni wazee wa miaka 65, 70. Masika yaliyopita banio lilibomoka na hatukuwa na mikono ya kubeba mawe. Tulichanga, tukaita vijana wa kulipwa kutoka chini. Babu zetu walijenga mifereji hii bila kumlipa mtu.

Ndipo nikawa nasikiliza redio usiku, wanaongelea Japani na Korea Kusini, kwamba watu wanapungua na shule zinafungwa. Nikasema moyoni, mbona wanaisimulia Uru? Halafu nikakumbuka sensa ya 2022: tuko 61,741,120, na tunakua kwa asilimia 3.2 kwa mwaka. Kwa hiyo naomba wenye kujua wanieleweshe. Nchi isiyo na vita wala njaa inapunguaje? Ikishapungua inakuwaje? Na sisi tunaozidi kuongezeka, linatuhusu nini? Nauliza kwa dhati, kwa sababu mwezi ujao kuna mkutano wa kijiji na nataka nisimame niseme kitu chenye maana.

---

Fundi_Takwimu

Mwalimu, heshima kwako. Nafundisha takwimu chuo kimoja hapa Arusha, nitajaribu.

Nchi hupungua pale ambapo wanawake, kwa wastani, wanazaa chini ya watoto 2.1 kwa muda mrefu, na wageni wanaoingia hawatoshi kuziba pengo. Wawili ni wa kushika nafasi ya mama na baba. Ile nukta moja ni kwa sababu wengine hufariki kabla hawajafika umri wa kuzaa, na wavulana huzaliwa wengi kidogo kuliko wasichana. Korea Kusini mwaka 2023 walifika 0.72. Japani mwaka 2024 walikuwa 1.15: walizaliwa watoto 686,061 na walifariki watu kama milioni 1.6. Mwaka mmoja huo.

Jambo ambalo watu wengi hawalioni ni kuchelewa kwa matokeo. Japani ilishuka chini ya 2.1 katikati ya miaka ya 1970, lakini idadi ya watu iliendelea kupanda hadi karibu 2008, ilipofika kama milioni 128. Zaidi ya miaka 30! Muda wote huo waliozaliwa wengi baada ya vita walikuwa bado hai, wanafanya kazi, wanazaa wachache lakini wao wenyewe ni wengi. Ukitazama jumla ya watu tu, unaona nchi inakua. Ukitazama darasa la kwanza, unaona mapema. Kwa hiyo madawati yako ya nyuma ni kipimo kizuri kuliko unavyodhani.

Sababu hazina siri. Watoto wakiacha kufa wachanga, hakuna haja ya kuzaa wanane ili wabaki wanne. Msichana akisoma, anaolewa baadaye na anapanga uzazi. Familia ikihamia mjini, mtoto haongezi mikono shambani, anaongeza ada na kodi ya nyumba. Haya yametokea kila bara. Korea mwaka 1960 mwanamke alizaa wastani wa watoto sita, na serikali ikafanya kampeni kubwa ya uzazi wa mpango. Walichoongeza wao ni saa ndefu za kazi, tuisheni za kufa mtu, nyumba za bei ya juu, na mwanamke anayejua kwamba akizaa, kupanda cheo kazini kumeishia hapo. Tena Japani na Korea watoto wanaozaliwa nje ya ndoa ni wachache sana, kwa hiyo ndoa zikichelewa, watoto hawaji. China ilikuja kwa njia ya amri, mtoto mmoja kuanzia karibu 1980, ikafuta amri hiyo na kuruhusu wawili kuanzia 2016, watatu mwaka 2021, na kuanzia 2022 watu wake wanapungua. Kuruhusiwa hakukurudisha watoto.

Lakini mfano wa Uru uko Bulgaria kuliko Japani. Mwishoni mwa miaka ya 1980 walikuwa karibu milioni 9. Sensa ya 2021 ikawakuta milioni 6.5. Uzazi ulishuka, na vijana wakaondoka kwenda Ujerumani, Uhispania, Uingereza. Kijana anapoondoka unapoteza wawili, yeye na mtoto ambaye angezaliwa kijijini.

Kilimanjaro mna yote mawili. Ni miongoni mwa mikoa yenye uzazi mdogo Tanzania Bara, shule ziliingia mapema, vihamba vimegawanywa hadi vimekuwa vipande, na watu wamehama vizazi viwili vitatu sasa. Angalia sensa: 2012 mkoa ulikuwa na watu 1,640,087, 2022 ukawa na 1,861,934. Hilo ni ongezeko la asilimia 13 na ushee kwa miaka kumi. Nchi nzima ni asilimia 37.

---

Baba_Neema_Ngaramtoni

Salaam. Nawasoma kwa makini ila kuna kitu hakijaniingia. Mimi niko Ngaramtoni, Arusha. Shamba lililokuwa la mahindi nilipohamia sasa ni viwanja vya ishirini kwa ishirini, hadi korongoni watu wanajenga. Vijana wamemaliza vyuo, wako kijiweni wanasubiri bodaboda ya mtu. Hospitali foleni, shule foleni. Leo mtu aniambie tunazeeka na kupungua? Wenye shida hiyo ni matajiri waliokataa kuzaa. Sisi shida yetu ni watu wengi kuliko kazi. Mwalimu, watoto wako hawajapotea, wamehamia kwetu na Chanika. Tatizo ni lipi hasa?

---

Sakina_Magari

Baba Neema, nakuheshimu, niruhusu nikujibu kwa nilichokiona. Mimi niko hapa Sakina, Arusha, ila niliishi Japani miaka kadhaa nikinunua magari yaliyotumika ya kuleta huku. Mpaka leo biashara yangu ni hiyo.

Ukiwa Tokyo, huwezi kuamini kwamba nchi inapungua. Treni imejaa hadi wafanyakazi wanasukuma watu waingie. Vijana kila kona, ujenzi kila kona. Ukitoka saa chache, ukaenda vijijini, unakuta nyumba zimefunikwa na majani, kituo cha basi ratiba imebaki mistari miwili, na anayekuuzia sigara ni bibi wa miaka 85. Nyumba tupu walizihesabu mwaka 2023, zikafika milioni 9. Nyingine zina warithi, lakini mrithi yuko mjini, hataki kuja na hataki kuuza. Hapo Mwalimu utaelewa, maana na nyie mna mageti.

Kwa hiyo nchi kujaa mjini na kukauka kijijini ni jambo moja lenye pande mbili. Ngaramtoni yako imejaa kwa sababu Uru yake inamwagika.

Kuna mji unaitwa Yubari, huko Hokkaido kaskazini. Ulikuwa mji wa makaa ya mawe, mwaka 1960 ulikuwa na watu zaidi ya laki moja. Migodi ikafungwa mmoja mmoja, vijana wakaondoka, halmashauri ikakopa ijenge vivutio vya utalii ili irudishe watu. Watu hawakurudi, deni likabaki. Mwaka 2007 mji ukatangazwa kufilisika. Kodi zikapandishwa, mishahara ya watumishi ikakatwa, shule za msingi zote zikaunganishwa ikabaki moja. Hospitali yao ya vitanda 171 ikawa kliniki ya vitanda 19. Sasa hivi hawafiki watu 7,000. Barabara ni zilezile, mabomba ya maji ni yaleyale, theluji ya kuzoa ni ileile, ila wanaolipia ni wachache na wengi wao ni wastaafu. Ndipo nilipoelewa: watu wakipungua, gharama haipungui nao.

Mfereji wenu ni hivyohivyo. Urefu wake haukupungua vijana walipoondoka.

---

Mwl_wa_Uru

Kaka wa Sakina, umenigusa penyewe. Asante sana. Na Fundi, ile ya Bulgaria nimeinakili kwenye daftari.

Baba Neema, nakuelewa, na silaumu aliyehama. Mdogo wetu wa kiume, kitindamimba, ambaye kwa desturi yetu ndiye angebaki na nyumba ya wazazi, yuko Dodoma anajenga maisha yake. Kihamba cha baba kikigawanywa tena kila mtu anabaki na mahali pa kupanda migomba ishirini. Angekaa ale nini? Kwa hiyo sisemi vijana warudi kwa amri.

Ninachosema ni kwamba nchi changa inaweza kuwa na vijiji vizee ndani yake, na wale wazee hawaonekani kwenye hesabu ya taifa. Ukichanganya mama yangu jirani na watoto wa Chanika, unapata wastani wa nchi ya vijana, na mipango yote inaandikwa kwa ajili ya vijana. Madarasa, ajira, mikopo ya asilimia kumi ya halmashauri: wanawake, vijana, watu wenye ulemavu. Yote mema. Lakini aandikiwe nini mwenye miaka 80 anayeishi peke yake mtelemkoni, njia ya mguu inayoteleza, na choo kiko nje?

Naomba kuuliza tena. Kuna nchi yoyote iliyofaulu kuwarudisha watu wakazaa? Huku wapo wanaosema dawa ni kinamama waongeze watoto. Sikubaliani, ila nataka jibu lenye ushahidi.

---

Fundi_Takwimu

Kulazimisha kulijaribiwa Romania. Mwaka 1966 kiongozi wao Ceaușescu alipiga marufuku utoaji mimba na kubana njia za uzazi wa mpango. Mwaka uliofuata uzazi ukaruka kutoka 1.9 hadi 3.7. Baada ya hapo watu wakatafuta njia za siri, uzazi ukaporomoka tena, na kilichobaki ni wanawake wengi waliokufa kwa kutoa mimba vichochoroni, na vituo vya watoto yatima vilivyofurika. Hilo tuliweke pembeni kabisa.

Kubembeleza kumejaribiwa Hungaria: mama wa watoto wanne hakatwi kodi ya mapato tangu 2020, kuna mikopo ya nyumba inayofutwa kadiri watoto wanavyozaliwa. Uzazi ulipanda hadi karibu 1.6, kisha ukashuka tena hadi karibu 1.4. Korea imemwaga fedha nyingi tangu 2006, na umeona 0.72 yake.

Kwetu hali ni nyingine. Utafiti wa kitaifa wa 2022 ulikuta wastani wa watoto 4.8 kwa mwanamke, kutoka zaidi ya 6 mwanzoni mwa miaka ya 1990. Hata ungeshuka ghafla kesho, watoto waliokwishazaliwa ni wengi mno, watakua na kuzaa. Umoja wa Mataifa unakadiria tutakaribia milioni 130 ifikapo 2050. Baba Neema yuko sahihi kwa taifa. Mwalimu yuko sahihi kwa Uru.

Ila na watoto wa Chanika watazeeka. Japani miaka ya 1960 kila mzee mmoja alikuwa na watu zaidi ya kumi wa umri wa kufanya kazi. Leo ni wawili. Walipata miongo kadhaa ya kujiandaa, na wakautumia muda huo kutajirika kwanza. Mwaka 2000 walianzisha bima ya matunzo ya wazee: kila aliyefikisha miaka 40 anachangia, na mzee akishindwa kujihudumia analetewa mtu wa kumwogesha, kumlisha, kumpeleka kliniki. Hata wao mfuko unaelemewa. Sisi wakati wetu wa wafanyakazi wengi ndio huu unaanza, na vijana wako kijiweni wanasubiri bodaboda.

---

Bibi_Nesi_Mstaafu

Marahaba wanangu. Nimekuwa muuguzi Moshi maisha yangu yote ya kazi, sasa niko nyumbani Kiborloni. Nimesoma yote, mmeongea vizuri, lakini mmeongea kama watu ambao bado wana magoti.

Mwalimu mwanangu, mzee wa kijijini hafi kwa kukosa hela. Anaanguka akienda chooni usiku, nyonga inavunjika, analala chini hadi asubuhi jirani apite. Ana dawa za presha, lakini hasomi maandishi ya pakiti kwa sababu ya mtoto wa jicho, anakunywa za asubuhi jioni. Kisukari kinamla mguu polepole, hakuna wa kumtazama nyayo. Hela ya simu haimgeuzi mgonjwa kitandani. Nimewaona walioletwa wodini na vidonda vya mgongo vya kuingia ngumi, na watoto wao wana magari mazuri, na wanalia kwa kweli, si kwamba hawakumpenda.

Halafu niseme jambo ambalo wanaume hapa hawajaligusa. Akizidiwa mama, anaitwa nani? Binti. Yule asiyeolewa, au aliyeachika, au mwenye kazi wanayoiona ndogo. Anaambiwa rudi nyumbani, wenzako tutakutumia. Anafunga kibanda chake cha nguo Dar, anakuja kulea miaka saba, minane. Mama akifariki binti ana miaka 50, hana biashara, hana akiba ya uzeeni, na kihamba kinakwenda kwa kaka. Nimewaona wengi. Huyo ndiye mzee maskini wa kesho, na tumemtengeneza sisi.

Pensheni? Wenye mifuko ya NSSF na PSSSF wengi wao ni walioajiriwa. Mkulima wa kahawa na ndizi hana kitu. Zanzibar walianza mwaka 2016 kumpa kila mwenye miaka 70 na kuendelea shilingi 20,000 kwa mwezi, bila kujali aliajiriwa au la. Ilikuwa ndogo, lakini ilikuwa ya kwake, haombi. Huku Bara sera ya wazee tunayo tangu 2003. Pensheni ya namna hiyo hatujaipata.

---

Baba_Neema_Ngaramtoni

Shikamoo bibi. Mama yangu yuko Rombo. Dada yetu ndiye anakaa naye, alirudi kutoka Dar. Sikuwahi kufikiria habari ya akiba yake. Wiki hii tutaongea ndugu, tumlipie michango ya hiari NSSF, na shamba la mama tuliandike wazi sehemu yake kabla mama hajaondoka.

Mwalimu, hoja yangu ya ajira naishikilia. Lakini niambie kijiji chenu kikitafuta vijana wa kulipwa wa mfereji, mnalipaje? Ninao wawili hapa mtaani wanaojua kazi ya mawe.

---

Mwl_wa_Uru

Baba Neema, asante. Tulilipa kwa siku, na chakula cha mchana tulipika wenyewe. Nitakuulizia kwa mwenyekiti kiwango cha mwaka huu.

Bibi, shikamoo, nimekusoma mara mbili. Haya ndiyo nitakayosema kwenye mkutano, mnisahihishe mapema. Kwanza wenye nyumba za Desemba wachangie mfereji na njia kila mwaka kama wakazi, wasichangie misiba na kanisa tu. Ni haki, maji yanapita kwao pia na migomba yao anamwagilia mlinzi. Pili, tuweke kijana mmoja au wawili wa kulipwa wa kukata majani kwa ajili ya wazee waliobaki na ng'ombe, maana nimeona ng'ombe akiondoka kihamba kinamfuata. Tatu, kile chumba cha stoo, tuombe halmashauri kiwe cha kliniki ya wazee siku moja kwa mwezi: kupima presha, sukari na macho. Sijui kama wataruhusu jengo la shule litumike hivyo. Fundi, unajua utaratibu?

---

Fundi_Takwimu

Anzia kamati ya shule, muhtasari wake uende serikali ya kijiji, kisha kwa mtendaji wa kata. Usiende halmashauri mkono mtupu. Beba namba: walioandikishwa darasa la kwanza kila mwaka kwa miaka 20 iliyopita, rejista za zamani mnazo kabatini. Na idadi ya wenye miaka 60 na kuendelea kwa kila kitongoji. Nitumie, nikuchoree mchoro mmoja ambao diwani ataelewa akiutazama tu.

---

Bibi_Nesi_Mstaafu

Kwenye hiyo orodha ya wazee ongeza mambo matatu: nani analala peke yake usiku, nani anatumia dawa za kila siku, na namba ya simu ya jirani wa karibu, si ya mtoto aliyeko Dar. Mabalozi wa nyumba kumi wanawajua wote, waanzie wao. Kipimo cha presha ninacho na mikono bado inafanya kazi. Jumapili nakuja Uru kwenye ubarikio wa mjukuu wa dada yangu. Nionyeshe hicho chumba baada ya ibada ya pili, nione kama kina mwanga wa kutosha wa kupimia macho.

---

Mwl_wa_Uru

Karibu sana bibi. Funguo za stoo ninazo mimi. Rejista nimeshaanza kuzitoa, za kuanzia 2004 zipo, za nyuma ya hapo zimeliwa na mchwa.